Malisho yanapofifia kuanzia mkato wa tatu: je, tatizo ni nafasi ya upandaji au naitrojeni?

Swali la msomaji: "Nina nusu hekta ya majani ya tembo niliyoyapanda kwa nafasi ya sentimita 50 kwa 50. Wiki chache baada ya kupanda niliweka mfuko mmoja wa urea wa kilo 50, na tangu hapo sijaongeza kitu. Mkato wa kwanza ulijaa sana, wa pili ulikuwa wa wastani, na kuanzia wa tatu majani yamekuwa membamba yenye rangi ya njano. Jirani yangu alipanda kwa mita moja kwa nusu mita, na baada ya kila mkato humwaga samadi ya maji kutoka zizini. Mwanzoni nilimzidi, sasa yeye ananizidi. Je, nilibananisha mno? Ning'oe nusu ya mashina au niongeze mbolea?"

Jibu: Ndugu msomaji, nakuomba usishike jembe bado. Kwa maelezo uliyoyatoa, nafasi uliyoichagua ndiyo iliyokupa mkato wa kwanza ulioujivunia, na upungufu wa naitrojeni ndio unaoeleza kwa sehemu kubwa mikato iliyofuata. Mambo haya mawili hufanya kazi kwa pamoja, lakini hayafanyi kazi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wafugaji wengi wanapopotea. Nafasi huamua jinsi shamba changa linavyofunika ardhi kwa haraka, na nguvu yake hupungua kadiri mashina yanavyopanuka. Naitrojeni huamua jinsi shamba linavyojijenga upya kila linapokatwa, kwa hiyo madai yake hurudi baada ya kila mkato, mwaka hadi mwaka.

Kabla ya kueleza sababu, niseme neno juu ya ulinganisho wako. Shamba lako na la jirani yako vinatofautiana kwa mambo mawili kwa pamoja, yaani nafasi na samadi, na huwezi kujua ni lipi kati ya hayo lililoleta tofauti ya mavuno kwa kutazama mashamba hayo mawili tu. Hata hivyo umetupa dalili moja muhimu: mwanzoni ulimzidi. Kama ubanano wenyewe ungekuwa kasoro, nisingetarajia shamba lako litangulie katika mkato wa kwanza kisha lishuke hatua kwa hatua huku likigeuka rangi ya njano. Mteremko wa namna hiyo ni wa shamba linalokula akiba ya udongo bila kurudishiwa.

Tuanze na nafasi. Mmea hutengeneza uzito wake kwa mwanga unaoangukia majani, na mwanga unaopita kati ya mistari na kugonga udongo mtupu ni mwanga uliopotea. Shamba la nyasi linapofikia kiasi cha mita za mraba 3 hadi 5 za majani juu ya kila mita moja ya mraba ya ardhi, huwa limenasa karibu asilimia 95 ya mwanga unaolifikia, na jani linaloongezwa baada ya hapo hufaidi kidogo sana kwa sababu linatia kivuli majani yaliyo chini yake. Kupanda kwa karibu hulifikisha shamba kwenye hali hiyo mapema. Kwa sentimita 50 kwa 50 unapata mashina 40,000 kwa hekta, yaani 20,000 katika nusu hekta yako. Kwa mita moja kwa nusu mita jirani yako ana mashina 20,000 kwa hekta. Katika miezi ya mwanzo, wakati kila shina bado ni dogo, wingi huo wako ulifunika ardhi haraka, ukazuia magugu, na ukanasa mwanga ambao kwa jirani ulikuwa unaangukia udongo.

Lakini faida hiyo ina dari. Katika miaka ya 1950, mtafiti wa Japani Tatuo Kira pamoja na wenzake walieleza jambo ambalo kila mkulima wa malisho anapaswa kulijua: ukizidisha idadi ya mimea, mavuno ya eneo zima hupanda hadi kiwango fulani kisha husimama, kwa kuwa kila mmea unaoongezwa huwafanya wenzake wawe wadogo kwa kiasi kile kile. Kwa zao la nafaka ubanano wa kupita kiasi huleta hasara ya wazi, kwani mimea mingi hushindwa kabisa kuzaa. Kwa malisho, ambayo tunavuna bua na majani yote, hasara hiyo hujificha: uzito wa jumla hukaa pale pale, lakini mabua huwa membamba na marefu, majani ya chini hufa kwa kukosa mwanga, na shamba huwa jepesi kulala chini upepo unapovuma. Wembamba huo wa mabua si ubaya kila mara. Anayepanda shayiri ya malisho au mtama kwa ajili ya hei, yaani malisho ya kukausha, huupanda kwa ukaribu kwa makusudi, ili mabua yawe membamba na yakauke upesi. Anayepanda mahindi kwa ajili ya saileji, yaani malisho ya kuvundika, hawezi kwenda mbali sana na njia hiyo, kwa sababu magunzi yakikosa punje saileji hukosa nguvu.

Sasa, majani ya tembo ni zao la kudumu, na hapo ndipo hesabu ya nafasi inapobadilika. Shina moja lililopandwa kwa kipande cha bua hutoa machipukizi, na kila mkato huamsha machipukizi mengine kutoka kwenye vifundo vilivyo karibu na ardhi. Shina lenye nafasi pana hujaza nafasi hiyo kwa machipukizi mengi zaidi; shina lililobanwa hutoa machache. Baada ya mikato miwili au mitatu, idadi ya machipukizi kwa mita ya mraba katika mashamba mawili yenye nafasi tofauti hukaribiana sana, hata kama idadi ya mashina ni tofauti maradufu. Jirani yako, kwa hiyo, yaelekea hakukupita kwa sababu ya upana wa nafasi. Aliziba pengo lake kwa machipukizi, na machipukizi hayo yalipata chakula.

Chakula hicho kikubwa ni naitrojeni. Ndiyo iliyomo katika klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, na ndiyo inayojenga kimeng'enya cha rubisko ambacho hunasa hewa ya ukaa ndani ya jani. Jani lenye upungufu wa naitrojeni linapata mwanga lakini halina vyombo vya kuutumia. Aidha, naitrojeni ikipungua mmea huitoa katika majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga, ndiyo maana njano huanza chini na kupanda juu, ikianzia kwenye ncha ya jani na kufuata mshipa wa kati. Kagua shamba lako leo: ukiona majani ya chini yana njano ya aina hiyo huku ya juu yakiwa na kijani kilichopauka, ushahidi unaoutafuta uko mbele yako. Mmea wenye njaa ya naitrojeni pia hutoa machipukizi machache na majani mafupi, hivyo mwanga mwingi unarudi kuangukia udongo, na ule ufunikaji wa haraka uliopewa na nafasi finyu unapotea.

Tuweke hesabu mezani, kwa takwimu za mfano zilizo karibu na hali ya kawaida. Tuchukulie kwamba kila mkato unatoa tani 4 za uzito mkavu kwa hekta, na kwamba malisho hayo yana naitrojeni asilimia 1.8. Kila mkato basi unaondoa shambani kilo 72 za naitrojeni kwa hekta, na mikato minne inaondoa kilo 288. Upande wa pili wa daftari kuna mfuko wako mmoja. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo 50 zina kilo 23. Kwa nusu hekta hiyo ni sawa na kilo 46 kwa hekta. Mimea kwa kawaida haipati naitrojeni yote inayowekwa, na tukichukulia kwamba ilipata nusu, mfuko wako ulilipia kilo 23 kati ya 72 za mkato wa kwanza. Kilichobaki kililipwa na udongo, ambao baada ya kulimwa huachia naitrojeni iliyofungwa katika mabaki ya mimea ya zamani. Akiba hiyo ni tamu mwaka wa kwanza na hupungua upesi pale ambapo kila kitu kinakatwa na kubebwa. Nasisitiza neno kubebwa, kwa sababu shamba linalochungwa hurudishiwa sehemu kubwa na mifugo wenyewe, ilhali shamba la kukata na kupeleka zizini halirudishiwi chochote mpaka mwenyewe ulirudishie.

Na hapa nafasi na naitrojeni zinakutana. Kwenye udongo wenye njaa, kuongeza mashina ni kugawa mkate ule ule kwa walaji wengi zaidi: kila shina linapata kidogo, mizizi inashindana mapema, na mavuno hayapandi. Kwenye udongo uliolishwa vizuri na wenye maji ya kutosha, mashina mengi yanaweza kugeuza chakula hicho kuwa majani haraka zaidi katika mikato ya mwanzo. Kwa hiyo mtu akiniuliza nafasi bora ni ipi bila kuniambia ataweka mbolea kiasi gani na mvua yake ikoje, sina jibu la haki la kumpa. Palipo na mvua nyingi na mbolea, nusu mita kwa nusu mita hufaa. Palipo pakavu, au mbolea ikiwa chache, mita moja kwa nusu mita au hata mita moja kwa mita moja ni salama zaidi, kwa kuwa kila shina hupata udongo mpana wa kutafutia maji. Wewe ulichagua nafasi ya shamba linalolishwa sana, kisha ukalilisha mara moja.

Kuhusu ubora, lipo jambo ambalo wengi hulitafsiri vibaya. Protini ghafi ya malisho hupatikana kwa kuzidisha asilimia ya naitrojeni kwa 6.25, hivyo malisho yenye naitrojeni asilimia 1.8 yana protini ghafi ya takriban asilimia 11. Mbolea huongeza protini hiyo, ndiyo, lakini umri wa malisho huipunguza kwa nguvu kubwa zaidi. Nyasi za ukanda wa joto zilizopata naitrojeni ya kutosha bila kuzidi huwa na naitrojeni karibu asilimia 2.8 zinapokuwa na tani 2 za uzito mkavu kwa hekta, asilimia 2.1 zinapofikia tani 5, na asilimia 1.65 zinapofikia tani 10. Mmea unapokua, mabua yenye naitrojeni kidogo huongezeka kuliko majani, na naitrojeni iliyoko huchanganyika katika uzito mkubwa zaidi. Anayesubiri majani yafike kimo cha mtu ili apate tani nyingi hawezi kuirudisha protini iliyopotea kwa kumwaga urea. Kata yanapofikia kimo cha mita moja hivi, au wiki 6 hadi 8 wakati wa mvua, na uache kisiki cha sentimita 10 hadi 15, kwa maana katika kisiki hicho na mizizi yake ndimo mmea ulimohifadhi akiba ya kuanzia upya.

Ukitaka kupima mavuno, usiridhike na uzito mbichi. Naitrojeni hufanya majani yawe laini na yenye maji mengi, kiasi kwamba shamba lililowekewa mbolea linaweza kutoa tani 60 mbichi zenye uzito mkavu wa asilimia 15, yaani tani 9, huku lingine likitoa tani 50 zenye asilimia 20, yaani tani 10. Ng'ombe hashibi maji yaliyomo katika majani.

Sasa tuje kwenye kiasi. Kwa shamba la majani ya tembo linalokatwa mara kwa mara, kilo 30 hadi 60 za naitrojeni kwa hekta baada ya kila mkato wa msimu wa mvua ni mwanzo mzuri. Angalia inavyotokea: mfuko mmoja wa urea kwa nusu hekta, ambao wewe uliuweka mara moja, ni kilo 46 kwa hekta, yaani kipimo kinachostahili mkato mmoja. Ukitumia mbolea ya CAN yenye naitrojeni asilimia 26, utahitaji karibu kilo 88 kwa nusu hekta kupata naitrojeni ile ile. Kuweka kipimo chote cha mwaka kwa mara moja ni kosa kubwa kuliko kuweka kidogo, kwa kuwa mizizi haiwezi kuichukua yote, mvua huishusha chini ya mizizi, na mkato wa tatu utaikuta imekwisha. Tena usipandishe kipimo bila kikomo. Kilo za kwanza hulipa vizuri sana. Zinazofuata hulipa kidogo kidogo, mpaka hufika mahali ambapo majani yanazidi kuwa ya kijani kibichi bila uzito kuongezeka.

Usiweke mbolea siku ile ile ya kukata. Subiri kati ya siku 5 na 10 hadi machipukizi mapya yaonekane na udongo uwe na unyevu. Urea ina tabia unayopaswa kuiheshimu: ikiachwa juu ya udongo wenye unyevu na joto, hasa palipo na takataka za majani makavu, hugeuka kuwa amonia na sehemu yake huruka hewani. Ichimbie kando ya mistari kwa kina cha sentimita 5 na kuifukia, au iweke wakati mvua ya milimita 10 hadi 15 inapokaribia kunyesha. Katika hili nafasi ya jirani yako ina faida ya kweli, kwa kuwa mistari ya mita moja inamruhusu kupita na jembe au na ndoo ya samadi bila kuvunja machipukizi.

Kuna hatari moja ambayo sitaki uikute bila kuijua. Nyasi hufyonza naitrojeni haraka kuliko zinavyoweza kuigeuza kuwa protini, hasa baada ya ukame, na ziada hukaa kama naitreti katika sehemu ya chini ya bua. Ng'ombe akila kiasi kikubwa, naitreti hugeuka tumboni kuwa naitraiti, ambayo huizuia damu kubeba oksijeni, na mnyama anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwa hiyo usikate wiki moja au mbili baada ya kuweka mbolea. Acha zipite walau wiki 4. Usiongeze kipimo wakati shamba limenyauka kwa jua, na mvua ikirudi baada ya ukame mrefu, subiri siku kadhaa kabla ya kukata. Kwa wanaolima mtama wa malisho tahadhari ni mbili, kwa sababu mtama mchanga una sumu ya sianidi pia, na naitrojeni nyingi huiongeza. Usiulishe ukiwa mbichi kabla haujavuka sentimita 60.

Samadi ya jirani yako inastahili sifa yake. Ng'ombe wa maziwa hubakiza katika maziwa na mwili wake takriban robo tu ya naitrojeni anayokula. Robo tatu hutoka kwa kinyesi na mkojo, na ile ya mkojo ndiyo nyepesi kupotea. Jirani anayekusanya mkojo pamoja na kinyesi na kuvirudisha shambani anarudisha sehemu kubwa ya kile kilichobebwa, pamoja na potasiamu, ambayo majani ya tembo huifyonza kwa wingi kama vile naitrojeni au zaidi. Kama una ng'ombe, chimba mfereji mdogo wa kukusanya mkojo kabla hujanunua mfuko mwingine. Mwaga samadi hiyo katika vijifereji kati ya mistari na uifunike siku ile ile. Kwa kila mkato utakaopata samadi ya kutosha, punguza urea kwa nusu, kisha utazame rangi.

Ukitegemea mbolea za amonia peke yake kwa miaka mingi, utakutana na tatizo jingine. Katika jaribio la Park Grass huko Rothamsted, Uingereza, lililoanza mwaka 1856 na linaloendelea hadi leo, vipande vya nyasi vilivyowekewa amonia salfeti kila mwaka bila chokaa viligeuka kuwa na tindikali kali, pH ikashuka chini ya 4, na aina nyingi za mimea zikatoweka. Shamba lako halitafika huko kwa miaka miwili, lakini pima pH na fosforasi kila baada ya miaka 3. Naitrojeni haiwezi kufanya kazi ya fosforasi iliyokosekana.

Je, kuna hali ambayo ningekushauri upanue nafasi? Ipo. Ikiwa mvua yako haitoshi, au ikiwa huna uwezo wa kulisha shamba kwa kiwango nilichokitaja, ng'oa mstari mmoja na kuacha mmoja. Nafasi yako itageuka kuwa mita moja kwa nusu mita, utapata vipandio vya kuanzisha eneo jingine, na katikati ya mistari utaweza kupanda desmodi, mkunde unaonasa naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria walio katika vinundu vya mizizi yake. Ukichagua njia hiyo, weka fosforasi na samadi kidogo, na uwe mchoyo wa urea, kwa kuwa naitrojeni ya mfukoni hudhoofisha vinundu, na nyasi zikinenepa hufunika mkunde na kuuua kwa kivuli.

Uamuzi huo usiufanye kwa maneno yangu pekee. Baada ya mkato ujao, gawa shamba katika vipande 6 vinavyolingana. Viwili viache vilivyo. Viwili viwekee urea kwa kipimo cha kilo 46 za naitrojeni kwa hekta. Viwili ng'oa mstari mmoja katika kila miwili na uweke urea kwa kipimo hicho hicho. Usiweke vipande vya aina moja pamoja, wala usianze na upande ulio karibu na zizi, kwani huko udongo huwa umelishwa tayari. Baada ya wiki 7, kata eneo la mita 2 kwa 2 katikati ya kila kipande, pima uzito mbichi, kisha chukua kilo moja, ikatekate, na uianike juani juu ya turubai hadi uzito wake usipungue tena. Fanya hivyo kwa mikato miwili mfululizo. Ikiwa vipande vyenye mashina yote na urea vitalingana na vile vilivyopunguzwa, ambalo ndilo ninalolitarajia mvua ikiwa nzuri, basi acha mashina yako yalivyo na ulilishe shamba. Ikiwa vilivyopunguzwa vitazidi katika mikato yote miwili, maji ndiyo yaliyokuwa yanagombaniwa, na hapo jembe litakuwa na kazi ya kufanya.